Kasri la Kew, nyumba ya matofali ya mwaka 1631: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaokwenda bustani za Kew, kusini-magharibi mwa London, hufuata miti na majumba ya vioo. Wakielekea upande wa mto Thames ndipo wanapokutana na nyumba nyekundu imesimama peke yake kwenye majani mafupi, na maswali yanaanza. Haya hapa ndiyo ninayoulizwa zaidi na ndugu na marafiki ninaowatembeza pale. Baadhi yao ni mafundi ujenzi, watu ambao habari za wafalme haziwakoleshi sana. Wao wanataka kujua ukuta umeshikanaje. Mimi niko upande wao, na majibu yangu yameegemea huko.

Hili kweli ni kasri? Mbona dogo?

Ni kasri kwa kupandishwa cheo. Lilizaliwa nyumba ya mfanyabiashara, watu wa ufalme wakahamia karibu miaka 100 baadaye. Kati ya makasri ya kifalme ya Uingereza hili ndilo dogo kuliko yote. Mgeni wangu mmoja alisema kuna hoteli Arusha zenye mapokezi makubwa kuliko nyumba hii nzima. Sikuwa na la kumjibu.

Nani aliijenga?

Samuel Fortrey, mfanyabiashara wa London ambaye ukoo wake ulitoka Flanders, nchi ambayo leo sehemu yake kubwa iko Ubelgiji. Mkewe aliitwa Catherine. Ukisimama mbele ya mlango mkuu, inua macho: utaona herufi za majina yao zimefungwa pamoja kwa fundo la wapendanao, na mwaka 1631. Hicho ndicho cheti cha kuzaliwa cha nyumba.

Usifikirie ofisi ya msanifu yenye michoro mezani. Enzi hizo nyumba ya mtu wa kipato kama Fortrey ilibuniwa kwa sehemu kubwa pale pale kiwanjani, baina ya mwenye nyumba aliyejua anachokitaka na fundi mwashi aliyejua tofali litakubali nini na litakataa nini.

Kwa nini iliitwa Nyumba ya Kiholanzi?

Kwa sababu ya vichwa vya kuta zake. Nyumba ya kawaida ya paa la mteremko ina ule ukuta wa pembetatu juu, unaoziba mwisho wa paa. Mafundi wengi kwetu wanauita gebo. Hapa kila uso mkubwa wa nyumba una gebo tatu zilizopangana, na hakuna hata moja iliyo pembetatu tupu. Pande zake zimekatwa kwa mikunjo, zinaingia na kutoka kama mabega, kisha juu kabisa kila moja imevishwa kofia: nyingine ya pembetatu, nyingine ya upinde. Mtindo huo ulipendwa sana Uholanzi na Flanders, na wafanyabiashara wa London waliokuwa wakivuka bahari kila mara waliujua vizuri.

Angalizo dogo la lugha: nimewasikia watu wakitafsiri jina hilo kuwa “Nyumba ya Wadachi”. Tafadhali tusifanye hivyo. Kwa wazee wetu wa Tanganyika, Mdachi ni Mjerumani, yule wa kodi na viboko. Mholanzi hakuwahi kutudai kodi ya kichwa.

Ukuta umejengwaje? Naambiwa ndio unaoifanya nyumba hii iwe maarufu.

Ndio. Sogea karibu na ukuta, chagua kozi moja, yaani mstari mmoja wa matofali yaliyolazwa, iliyo usawa wa macho yako, uisome kama unavyosoma mstari wa kitabu. Tofali la kwanza limelazwa likionyesha ubavu wake mrefu. La pili limegeuzwa, limeingia ndani ya ukuta, unaona kichwa chake kifupi tu. La tatu ubavu, la nne kichwa. Ubavu, kichwa, ubavu, kichwa, hadi mwisho wa ukuta. Sasa tazama kozi ya juu yake: kila kichwa kimekaa katikati ya ubavu wa chini. Rudi nyuma hatua kumi na ukuta mzima unaonekana umefumwa kama mkeka.

Kazi ya tofali lililogeuzwa si urembo peke yake. Ukuta wa namna hii ni mnene, una tabaka la nje na la ndani. Tofali lililoingia kichwa ndilo linaloyashona matabaka hayo mawili. Likikosekana, unabaki na kuta mbili nyembamba zilizosimama bega kwa bega, na siku moja zitaachana.

Kabla ya hapo mafundi wa Uingereza walizoea mpango mwingine: kozi nzima ya mbavu, juu yake kozi nzima ya vichwa, na kuendelea. Mpango ule ni imara sana, wengine wanasema ni imara kuliko huu, lakini kwa jicho unakuwa na mistari mistari. Mpango wa kuchanganya katika kozi moja uliitwa wa Flanders, na nyumba ya Fortrey ni miongoni mwa mifano ya mwanzo kabisa iliyobaki Uingereza. Karne iliyofuata ukawa ndio mtindo wa kila mwenye nacho. Jina lenyewe lisikudanganye: si kwamba mafundi wa Flanders walikuwa na mazoea nao kuliko wengine. Majina ya vitu vya ujenzi mara nyingi hupewa na wanunuzi.

Na kwenye kona inakuwaje? Mpango huo si unavurugika?

Hili swali huulizwa na fundi tu, nami hulipenda. Ukifika kona na mpango wa ubavu na kichwa, hesabu inagoma: maungio ya kozi mbili yanaangukia mahali pamoja, na ufa huanzia hapo. Dawa yake ni tofali lililopasuliwa kwa urefu, nusu ya upana wa kichwa, linalowekwa mara tu baada ya tofali la kona. Kile kipande chembamba kinasukuma mpango mzima pembeni kidogo, na maungio yanapishana tena. Kupasua tofali kwa urefu bila kulivunja si kazi ya mwanagenzi. Nilipomwonyesha jambo hilo mjomba wangu, aliyejenga kwa matofali ya kuchoma maisha yake yote, alinyamaza, akapitisha kidole juu ya ukuta bila kuugusa, kisha akasema, “Huyu alilipwa kwa siku, hakulipwa kwa tofali.”

Matofali yenyewe yalitengenezwaje?

Karibu kama yanavyotengenezwa leo ukipita njia ya Iringa au Mbeya, isipokuwa Waingereza walikuwa na msaidizi ambaye sisi hatuna: baridi kali. Udongo ulichimbwa vuli, ukaachwa chunguchungu wakati wote wa majira ya baridi. Maji yaliyomo ndani yake yanaganda, yanatanuka, yanapasua mabonge. Ikifika machipuko udongo umelainika bila kupigwa jembe. Unakandwa, unatiwa kwenye kalibu ya mbao iliyonyunyizwa mchanga usigande, tofali bichi linalazwa kukauka kwa wiki kadhaa, na mwisho linachomwa.

Uchomaji uliozoeleka ulikuwa wa kupanga matofali yenyewe yawe tanuru, na kuni katikati. Joto halifiki sawa kila pahala. Yaliyo karibu na moto yanaiva kupita kiasi na kuwa meusi au ya kijivu, ya katikati yanatoka mekundu vizuri, ya pembeni yanabaki mabichi na laini. Wekundu unatokana na chuma kilichomo kwenye udongo. Kikipata moto na hewa kinakuwa na rangi ile ile ya kutu.

Zile nakshi kuzunguka madirisha na kofia za gebo ni za mawe?

La, na hapo ndipo nyumba hii inaponikamata kila nikirudi. Mtu tajiri wa zama zile akitaka nguzo, matao na nakshi alinunua mawe ya kuchonga. Fortrey aliyapata karibu yote kwa tofali. Zile fremu nene za madirisha zenye vipande vinavyochomoza na kuzama, nguzo bapa zilizobandikwa ukutani sehemu ya katikati, mikanda inayotenganisha ghorofa: yote ni udongo uliochomwa ukifanya kazi ya jiwe.

Siri yake ni matofali ya aina nyingine. Yalifinyangwa kwa udongo laini wenye mchanga mwingi, yakachomwa kwa upole ili yasiwe magumu kama jiwe. Fundi aliyakata kwa shoka dogo na kuyasugua juu ya jiwe hadi yapate umbo alilolitaka: upinde, mshazari, mkunjo wa bega la gebo. Kisha aliyaunganisha kwa chokaa laini iliyochujwa, kwa maungio membamba kabisa. Sehemu nyingine ya ukuta maungio yake ni manene, unayaona toka mbali. Kwenye nakshi inabidi ukodoe macho. Ukishaitambua tofauti hiyo utajua papo hapo mwenye nyumba alitumia pesa zake wapi.

Mbona ni nyekundu hivyo, kama imepakwa rangi jana?

Imepakwa kweli. Nyumba ilifungwa mwaka 1996 kwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa tena 2006, na katika kazi hiyo kuta za nje zilipakwa chokaa iliyotiwa udongo mwekundu. Waliofanya hivyo walikuwa wanairudisha sura yake ya zamani. Kwa kuwa tanuru lilitoa matofali ya rangi mchanganyiko, wenye nyumba wa karne ya 17 walipenda kuyapaka ili ukuta uwe na rangi moja. Uzuri wa tofali tupu lenye madoa ni ladha yetu sisi watu wa leo.

Watu wawili kati ya watatu ninaowapeleka hawaupendi wekundu ule mwanzoni. Mimi pia sikuupenda. Nenda jioni jua likiwa chini, utaelewa.

Kwa nini wanasisitiza chokaa? Saruji si ni imara zaidi?

Ni imara zaidi, na ndiyo shida yenyewe. Saruji tunayoijua, ile ya Portland, Joseph Aspdin aliipatia hataza mwaka 1824. Nyumba hii ilikuwa na miaka 193 tayari. Ilijengwa kwa chokaa, na matofali yake ni laini. Maji ya mvua yakiingia ukutani yanatakiwa yatoke, na katika ukuta wa zamani yanatokea kwenye maungio, kwa sababu chokaa hupumua. Ukiziba maungio kwa saruji, maji yanatafuta njia kupitia tofali lenyewe. Likija baridi yanaganda ndani yake, na uso wa tofali unabanduka kama gamba. Maungio yanabaki yamesimama, matofali yameliwa. Utaliona jambo hilo kwenye nyumba nyingi za zamani Uingereza ambazo wenyewe walidhani wanazisaidia.

Watu wa Mji Mkongwe Zanzibar hawahitaji kuelezwa hili mara mbili. Kuta zao ni za mawe ya matumbawe na chokaa, barafu hawana, lakini plasta ya saruji imewaharibia kuta kwa njia ile ile: unyevunyevu na chumvi vinafungiwa ndani, ukuta unaoza ukiwa umevaa nguo nzuri.

Madirisha ni yale ya 1631?

Hapana. Ya mwanzo yaligawanywa kwa mihimili iliyokutana kama msalaba. Haya unayoyaona, ya kupandisha na kushusha kwa kamba na uzito, ni ya karne ya 18, yaliwekwa mtindo huo uliposhika.

Ndani imepangwaje?

Kwa wakati wake, kisasa. Nyumba nyingi za zamani za Kiingereza zilikuwa na ukumbi mmoja mrefu, vyumba vikifuatana kama mabehewa. Hii ina vyumba viwili kwenda ndani, mbele na nyuma, kwa hiyo inakuwa kama kasha: kuta chache za nje, joto halipotei ovyo. Unaingia katikati na kuna njia inayokatiza kuelekea upande wa mto, vyumba viko kulia na kushoto. Ghorofa zinajirudia hivyo hivyo, na juu kabisa chini ya paa walilala watumishi.

Ghorofa ya kwanza kuna chumba kidogo cha malkia ambacho dari yake ya plasta imebaki toka enzi za Fortrey, imenakshiwa milango mitano ya fahamu: kuona, kusikia, kunusa, kuonja, kugusa. Wengi hupita bila kuinua shingo.

Jiko halimo. Liko kwenye jengo la pembeni, kwa hofu ya moto na harufu. Baada ya Malkia Charlotte kufariki mwaka 1818 lilifungwa, likakaa karibu miaka 200 bila kuguswa sana, na wageni wakaanza kuingia 2012.

Kuna sehemu yoyote iliyo ya zamani kuliko 1631?

Ndiyo, miguuni pako. Fortrey alijenga juu ya nyumba ya karne ya 16, na vyumba vya chini vyenye dari za matao ya tofali ni vya nyumba ile.

Wafalme waliingiaje?

Malkia Caroline, mke wa George wa Pili, aliikodi mwaka 1728. Aliishi ng'ambo kidogo kwenye nyumba nyingine, akahitaji pa kuwaweka watoto. Mwaka 1781 Mfalme George wa Tatu akainunua kabisa. Yeye na mkewe Charlotte walikuwa na watoto 15, kwa hiyo hata nyumba ya ziada haikuwa anasa.

Ni kweli George wa Tatu alifungiwa humu alipougua akili?

Si mara ile maarufu. Alipougua 1788 na 1789 aliwekwa kwenye Nyumba Nyeupe iliyokuwa hatua chache kutoka hapa. Nyumba hii nyekundu ilihusika aliporudiwa na ugonjwa mwanzoni mwa miaka ya 1800.

Hiyo Nyumba Nyeupe iko wapi sasa?

Ilibomolewa 1802. Mahali pake kuna saa ya jua kwenye majani, watoto huizunguka wakikimbizana.

Kisa kinaendelea. Mfalme alitaka kitu kikubwa kuliko zote mbili, akamwagiza msanifu James Wyatt ajenge kasri lenye minara mfano wa ngome, karibu na mto. Kazi ilianza 1801, fedha zikateketea, kasri halikukamilika, na mwanawe George wa Nne akaamuru libomolewe miaka ya 1827 na 1828. Kwa hiyo majumba mawili ya kifalme yamepotea na nyumba ya mfanyabiashara imebaki. Sitaki kusema ni tofali ndilo lililoiokoa. Ilisaidia sana kwamba ilikuwa ndogo, na familia ilikuwa na pa kuishi siku zote wakisubiri kasri lisilokwisha. Lakini ukuta uliojengwa vizuri haumpi mtu sababu ya kuubomoa.

Nini kilitokea mwaka 1818?

Julai ya mwaka huo wana wawili wa mfalme waliozwa kwa pamoja kwenye sebule ya ghorofa ya kwanza. Mmoja wao ndiye aliyekuja kuwa baba wa Malkia Victoria. Tarehe 17 Novemba mama yao, Charlotte, akafia humu humu akiwa amekaa kwenye kiti. Kiti kipo. Baada ya hapo nyumba ilikaa kimya hadi Victoria alipoitoa mwaka 1898 iwe sehemu ya bustani na watu wa kawaida waingie.

Ile kodi ya matofali iliigusa nyumba hii?

Haikuigusa. Kodi ilianza 1784 na kufutwa 1850, ilitozwa kwa kila matofali elfu moja, na baadhi ya wajenzi wakajibu kwa kufyatua matofali makubwa ili wahesabiwe machache. Wajanja hawajaanza leo. Ukikutana na matofali manene kupita kawaida kwenye nyumba za kipindi hicho, sababu inaweza kuwa hiyo.

Ina uhusiano na Afrika Mashariki?

Nyumba yenyewe, hapana. Bustani iliyoizunguka, sana. Kazi kubwa ya kuorodhesha mimea ya Kenya, Tanzania na Uganda iliendeshwa kutoka Kew, vitabu vyake vikitoka kuanzia 1952 hadi 2012, na majani makavu yaliyochumwa kwenye misitu yetu yamehifadhiwa huko, mwendo mfupi kutoka kwenye mlango wa Fortrey.

Nina nusu saa tu. Niangalie nini?

Kwanza hakikisha umekwenda miezi ya joto, maana majira ya baridi nyumba hufungwa. Tiketi ya bustani inatosha kuingilia. Dakika kumi za mwanzo zitumie nje. Soma kozi moja ya ukuta, kisha tafuta kile kipande chembamba kwenye kona. Ndani usikwame kwenye fanicha za vyumba vya chini. Panda moja kwa moja ghorofa ya juu, kwenye vyumba vya mabinti wa mfalme ambavyo waliokarabati waliamua kutovigusa: hakuna pazia wala zulia, rangi imebabuka tabaka juu ya tabaka, na mahali plasta ilipodondoka unaona fito za mbao zilizokuwa zikiishika. Mjomba alikaa huko kuliko popote. Mlinzi alipotuambia muda umekwisha, alikuwa bado ameinama, anahesabu fito.